Shampuu ghali: Je, ni nywele zinazofaidika au ni muuzaji?

Na MWANDISHI WETU

IKIWA umewahi kupita mjini Nyeri siku ya Jumamosi, hasa mwisho wa mwezi, bila shaka umeona jinsi saluni zinavyofurika wateja. Kando ya Barabara ya Kimathi na kwenye vichochoro vya kuelekea sokoni, akina dada hungoja zamu wakiwa wameketi kwenye mabenchi, wengine na taulo mabegani, wengine wakifumuliwa rasta, huku draya zikivuma tangu asubuhi hadi giza linapoingia. Hali ni iyo hiyo Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru.

Mara nyingi katika saluni hizi utaona shampuu za aina mbili. Chini, karibu na sinki, kuna mtungi wa plastiki wa lita tano ambao msusi huchota humo siku nzima. Juu, kwenye rafu ambayo kila mteja ataiona, zimepangwa chupa ndogo zinazong'aa, zenye picha za matone ya mafuta na maandishi ya dhahabu. Kisha unaulizwa swali moja tu: uoshwe kwa ile ya kawaida, au kwa ile "nzuri"?

Ni wachache wanaopenda kuonekana wakichagua ya kawaida mbele za watu. Ndivyo mfanyakazi wa ofisi, mwalimu au mwuza nguo wa soko la Karatina anavyojikuta akilipa zaidi, na pengine akinunua chupa mbili za kubeba nyumbani, shampuu na kondishona, kwa pesa ambazo zingetosha unga na mafuta ya jikoni ya wiki kadhaa.

Je, pesa hizo zinafanya kazi gani kichwani? Swali hili si la urembo peke yake. Ni la bajeti ya nyumba, na kama tutakavyoona, wakati mwingine ni la afya, kwa maana kuna wanawake wanaopoteza nywele za kipaji cha uso moja kwa moja kwa sababu walingojea chupa iwatibu.

UNYWELE NI KITU GANI?

Jambo la kwanza ambalo wauzaji wengi hawakuambii ni kuwa sehemu ya unywele unayoiona haina uhai. Kilicho hai ni shina lililozama ndani ya ngozi ya kichwa. Shina hilo hupata chakula kutoka kwa damu, na husukuma unywele nje kwa kadiri ya sentimita moja hivi kwa mwezi. Ukishatoka nje, unywele ni kama ukucha: hauna damu, hauna mishipa, wala hausikii uchungu ukikatwa.

Unywele umetengenezwa kwa protini iitwayo keratini, ile ile inayopatikana kwenye kucha na pembe za ng'ombe. Nje umefunikwa na magamba madogo mno yaliyolaliana kama vigae vya paa. Magamba hayo yakilala vizuri, nywele hung'aa na chanuo hupita bila taabu. Yakiinuka au kubanduka kwa sababu ya moto wa draya, dawa za kulainisha au kuchanwa kwa nguvu, nywele hufifia, hujifunga mafundo na kukatika.

Nywele za Mwafrika zina tabia yake. Zimejisokota, na kila mahali zinapojikunja ni mahali pa udhaifu. Isitoshe, mafuta ambayo ngozi ya kichwa huyatoa hayawezi kuteremka kwa urahisi kufuata misokoto hiyo hadi nchani. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na ngozi ya kichwa yenye mafuta ilhali ncha za nywele zimekauka kama majani ya mahindi.

Kutokana na hayo, msomaji ataona kwamba ahadi ya "kulisha" nywele kwa shampuu yenye vitamini ni maneno matupu. Huwezi kulisha kitu kisicho na uhai. Unachoweza kufanya ni kukisafisha, kukipaka na kukilinda.

NDANI YA CHUPA

Ukigeuza chupa ya shampuu na kusoma yale maandishi madogo ya nyuma, utakuta maji ndiyo ya kwanza. Katika shampuu nyingi maji huchukua zaidi ya nusu ya kilichomo, iwe chupa ni ya bei ya chini au ya juu. Yanayofuata ni viungo vya kutoa uchafu na povu, ambavyo kwa kawaida ni sodiamu laurethi salfeti au jamaa zake. Baadaye huja chumvi, ndiyo, chumvi ya kawaida, ambayo kazi yake ni kuifanya shampuu iwe nzito. Halafu kuna manukato, rangi, na dawa ya kuzuia bakteria wasizaliane ndani ya chupa.

Kwa hivyo uzito wa shampuu si dalili ya ubora. Povu jingi nalo si dalili ya usafi. Wanunuzi wamezoea kudhani kuwa pasipo povu hapana kazi, na watengenezaji wanajua hivyo.

Vipi kuhusu asali, mafuta ya argani, parachichi na vinginevyo vilivyochorwa mbele ya chupa? Desturi ya kimataifa ni kwamba viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, na vile visivyofika asilimia moja huweza kuandikwa kwa mpango wowote mwishoni. Ukikuta mafuta ya parachichi yametajwa karibu na manukato au baada yake, yamkini umeuziwa matone machache. Na hata matone hayo, shampuu hukaa kichwani dakika moja au mbili kisha ikasombwa na maji kwenda kwenye mtaro.

Mkazi wa Murang'a au Nyeri ambaye ana mparachichi uani atafaidi zaidi akilila tunda lenyewe kwa githeri. Shina la unywele hulishwa kupitia tumboni.

BEI HUTOKA WAPI?

Hapa inafaa tukumbuke kisa kimoja cha humu nchini. Katikati ya miaka ya 1990, kijana mmoja kwa jina Paul Kinuthia alianza kutengeneza shampuu na kondishona jijini Nairobi kwa mtaji wa shilingi 3,000. Mitambo yake ilikuwa mapipa ya plastiki na mti wa kukorogea. Wateja wake wa kwanza walikuwa saluni. Kampuni yake, Interconsumer Products, ilikua na kupata umaarufu kwa bidhaa za Nice & Lovely, na mwaka wa 2013 kampuni kubwa ya vipodozi ya Ufaransa, L'Oréal, ikanunua biashara hiyo ya urembo.

Kisa hiki kina funzo kwa mnunuzi. Shampuu inayosafisha vyema si kitu kigumu kutengenezwa. Kama ingekuwa na siri kubwa, kijana mwenye pipa na mti hangeweza kushindana na makampuni ya ng'ambo, na makampuni hayo hayangekuja kumnunua.

Funzo la pili ni kuwa nyumba moja huweza kuuza kwa tajiri na kwa maskini. L'Oréal hiyo hiyo huuza Garnier katika supamaketi, na huuza Kérastase kwa bei ya juu mno katika saluni za kifahari. Ni kweli kwamba michanganyiko haifanani moja kwa moja, na katika bidhaa za bei ghali huenda manukato yakawa mazuri zaidi au kondishona ikawa laini zaidi mkononi. Lakini tofauti ya kilichomo haiwi kubwa kama tofauti ya bei. Kinachobaki ni chupa, matangazo ya biashara, usafirishaji, faida ya mwenye duka, na jina.

PIGA HESABU

Tutoe mfano. Tuseme mtungi wa lita tano unauzwa shilingi 600. Hiyo ni shilingi 120 kwa kila lita. Tuseme pia chupa ya mililita 250 inauzwa shilingi 1,500. Chupa nne za namna hiyo ndizo hufanya lita moja, kwa hivyo lita yake ni shilingi 6,000, yaani mara hamsini zaidi.

Mtu akitumia mililita 15 kwa kila safari ya kuosha, shampuu ya mtungini itamgharimu chini ya shilingi mbili, na ile ya chupani shilingi 90. Akiosha kila wiki kwa mwaka mzima, ya kwanza haifiki shilingi 100. Ya pili inafika shilingi 4,680, na hapo hatujahesabu kondishona yake.

Je, nywele zitakuwa safi mara hamsini zaidi? La hasha! Nywele zikishakuwa safi ni safi.

Jambo la kukumbuka ni kulinganisha bei kwa kipimo, si kwa chupa. Chupa mbili zikisimama pamoja rafuni, moja ya mililita 250 na nyingine ya mililita 400, jicho hudanganyika upesi.

KONDISHONA NDIYO YENYE KAZI

Ikiwa utalazimika kuongeza pesa mahali, wataalamu wengi wa nywele watakuambia uziongeze kwa kondishona badala ya shampuu. Sababu ni kwamba shampuu huondoka yote na maji, lakini kondishona huacha kitu nyuma.

Inafanya hivyo vipi? Unywele ulioharibika huwa na chaji hasi ya umeme. Viungo vikuu vya kondishona vina chaji chanya. Kwa kuwa chaji hizi mbili huvutana, kondishona hushikamana na unywele, hasa pale palipoharibika zaidi, na kuyalaza yale magamba tuliyoyataja. Ndani yake pia kuna nta laini zinazoitwa alkoholi za mafuta, ambazo licha ya jina hazikaushi nywele hata kidogo, na pengine dimethikoni, ambayo huacha utando mwembamba wa kuteleza.

Viungo hivi vinajulikana kote na hutumiwa katika kondishona za bei zote. Ukisoma chupa ya bei nafuu na ukakuta setrimoniamu au behentrimoniamu pamoja na alkoholi ya setili, umepata kilicho cha maana.

Hata hivyo, tusiseme kuwa bei haina maana yoyote. Mnamo 2014 watafiti wa Brazil walichapisha matokeo ya kupima uasidi wa shampuu 123 za kimataifa. Unywele wenyewe huwa na asidi kidogo, na shampuu iliyo na asidi ya chini mno huinua magamba na kuzifanya nywele zitimke. Waligundua kwamba robo tatu za shampuu za saluni zilikuwa na kipimo cha pH cha 5 au chini, ambacho ni kizuri kwa nywele, ilhali kwa shampuu zote kwa jumla ni kama asilimia 38 tu. Kwa hivyo shampuu za saluni zilikuwa na nafuu fulani. Lakini kondishona, ambayo kwa kawaida huwa na asidi, hurekebisha mengi ya hayo. Shampuu nafuu ikifuatwa na kondishona ni bora kuliko shampuu ghali peke yake.

Akina nyanya wa eneo hili nao walikuwa na ujuzi wao. Walijipaka mafuta ya mbarika, na kule Pwani wanawake wamepaka nywele mafuta ya nazi tangu jadi. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2003 ulionyesha kuwa mafuta ya nazi hupunguza upotevu wa protini ya unywele yakipakwa kabla au baada ya kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti na mafuta ya madini hayakuweza. Kijiko kimoja cha mafuta ya nazi usiku wa kuamkia siku ya kuosha hakikugharimu kitu kikubwa.

MAHALI PASIPOFAA KUBANIA PESA

Kuna nyakati ambapo chupa maalumu ni lazima, na kubania pesa hapo ni kujiumiza.

Ya kwanza ni baada ya kuweka nywele dawa ya kulainisha. Dawa hizi zina alkali kali inayoweza kuchoma ngozi, na kuosha kwa maji tu hakutoshi kuiondoa. Shampuu ya kukata makali ya dawa, ambayo ina asidi, ni lazima itumike. Nyingine hubadilisha rangi ya povu ili kuonyesha kuwa dawa bado imo, na msusi anapaswa kurudia mpaka povu liwe jeupe. Usikubali msusi airuke hatua hii kwa sababu foleni ni ndefu.

Ya pili ni mba. Mba unaowasha na kupukutika kama unga unahusiana na kuvu ndogo inayoishi kwenye ngozi ya kichwa cha kila mtu. Shampuu ya manukato, hata ikiwa ya shilingi 3,000, haitaimaliza. Nenda kwenye duka la dawa uulize shampuu yenye ketokonazoli au seleniamu salfaidi. Ipake kwenye ngozi ya kichwa, iache kwa dakika chache kama ilivyoandikwa, ndipo uisuuze. Wengi huisuuza papo hapo na kulalamika kuwa haifanyi kazi. Kwa vile hukausha, zipake ncha za nywele kondishona baadaye.

Ya tatu ni mzio. Ikiwa shingo au masikio yako huwasha baada ya kuoshwa, huenda ni manukato yanayokuletea balaa, na hapo inafaa kutafuta bidhaa isiyo na manukato hata ikiwa bei yake imezidi.

YASIYOTIBIKA KWA CHUPA

Sasa tufikie jambo zito kuliko yote.

Chukua mfano wa mama ambaye nywele zake za kipaji na za pembeni, juu ya masikio, zimeanza kurudi nyuma. Kila akisuka rasta hupata vipele vidogo kwenye kingo, na usiku wa kwanza hawezi kulala kwa maumivu. Anaambiwa shampuu anayotumia ni duni. Ananunua ya bei ya juu. Miezi sita baadaye, kingo zimerudi nyuma zaidi, naye anaambiwa anunue kondishona ya jamii hiyo hiyo. Wakati huo wote anaendelea kusuka rasta zile zile, zimekazwa vile vile.

Huo ni upotevu wa nywele unaotokana na kuvutwa. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, wakiongozwa na Profesa Nonhlanhla Khumalo, na kuchapishwa mwaka wa 2007, ulikuta tatizo hili kwa karibu thuluthi moja ya wanawake wazima waliokaguliwa. Hatari ilizidi pale ambapo nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha zilivutwa tena kwa kusukwa au kushonewa nywele za bandia.

Habari njema ni kwamba ukiacha kuvuta mapema, nywele huota tena. Habari mbaya ni kwamba ukiendelea kwa miaka, shina la unywele hufa na mahali pake pakawa kovu. Hapo hakuna shampuu, mafuta wala dawa ya kupaka itakayolirudisha. Hasara kubwa ya ile chupa ghali, basi, si zile shilingi 1,500. Ni ile miezi sita.

Kuna na mengine ya aina hiyo. Mama aliyejifungua huweza kuona nywele zikitoka kwa wingi mtoto anapofika miezi mitatu hivi. Hiyo ni kawaida, nazo hurudi zenyewe kabla ya mwaka kwisha kwa wengi. Shampuu itakayonunuliwa wakati huo itapewa sifa ambazo si zake. Ikiwa zinaendelea kutoka na mama ana uchovu na kizunguzungu, apimwe damu, kwa kuwa upungufu wa madini ya chuma nao hupukutisha nywele.

Mtoto wa shule aliye na mabaka ya mviringo kichwani, yale yanayoitwa mashilingi au mapunye, hatapona kwa shampuu ya aina yoyote peke yake. Kuvu hiyo imeingia ndani ya shina la unywele na huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa maagizo ya daktari. Shampuu ya dawa husaidia tu kupunguza kuambukiza wengine. Mpeleke zahanati au hospitali, na usimpeleke kwa kinyozi ambaye hasafishi mashine yake.

RAHISI INAPOKUWA GHALI

Tukisema shampuu ya bei nafuu inatosha, hatumaanishi shampuu yoyote. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Jihadhari na mitungi isiyo na jina la mtengenezaji, isiyo na orodha ya viungo wala tarehe. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, KEBS. Usinunue chupa ya jina kubwa inayouzwa kwa bei isiyoaminika kwenye steji ya matatu, kwa maana bidhaa ghali ndizo huigizwa zaidi. Chupa tupu iliyojazwa upya hailingani hata na ule mtungi wa shilingi 600.

Jambo jingine ni tabia ya kuongeza maji kwenye mtungi ili shampuu ifike mwisho wa mwezi. Maji hayo hupunguza nguvu ya dawa inayozuia bakteria, na baada ya siku chache mtungi huwa makao ya vijidudu. Ikiwa unataka kuizimua, izimue kwenye kikombe, kiasi cha kutumia siku hiyo tu.

Na sabuni je? Sabuni ya mche na ya unga zina alkali nyingi mno kwa nywele. Ziachie nguo.

MAJI NA BARIDI YA MLIMANI

Wakazi wa miji ya Mlima Kenya wana bahati moja. Maji ya mito inayoteremka kutoka mlimani na milima ya Aberdare, kama vile Chania unaowapa watu wa mji wa Nyeri maji, ni laini, hayana chokaa nyingi. Maji laini hutoa povu upesi. Kwa hivyo unaweza kupunguza kiasi cha shampuu bila kupoteza chochote, na zile shampuu ghali za kuondoa chokaa za wenzetu wa ng'ambo hazikuhusu. Wanaotumia maji ya visima huenda wakawa na hali tofauti. Ukiona sabuni haitoi povu na sufuria ya chai imeshika ukoko mweupe, maji yako ni magumu.

Baridi nayo ina mambo yake. Kati ya Juni na Agosti, ukungu unapotanda, wengi huosha kwa maji ya moto sana na kudai draya iwekwe hadi mwisho. Joto hilo huharibu nywele kuliko shampuu yoyote ya bei ya chini. Halafu huja boshori ya sufu, ambayo hufyonza mafuta na kusugua kingo. Vaa kitambaa laini cha satini ndani yake, nawe utakuwa umefanya kazi ambayo chupa haiwezi.

USHAURI KWA UFUPI

1. Osha nywele mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Kwa nywele za Mwafrika, hiyo inatosha.

2. Paka shampuu kwenye ngozi ya kichwa, uikande kwa ncha za vidole bila kucha. Neno shampuu lenyewe limetokana na neno la Kihindi la kukanda.

3. Paka kondishona kila unapoosha, hasa nchani, kisha fumua mafundo kwa chanuo pana nywele zingali na utelezi.

4. Ukiweka dawa ya kulainisha, subiri miezi miwili hadi minne kabla ya kurudia, na fanyiwe na msusi aliyehitimu.

5. Rasta ikiuma imekazwa kupita kiasi. Mwambie msusi ailegeze papo hapo. Umelipa.

6. Kabla ya kununua chupa ghali, nunua ndogo au nafuu ya aina ile ile ya viungo, uitumie mwezi mmoja. Usipoona tofauti, rudisha pesa zako mfukoni.

7. Nywele zikitoka kwa mabaka, kingo zikirudi nyuma, au ngozi ya kichwa ikitoa usaha, mwone daktari kabla ya kuingia dukani.

Hakuna ubaya mtu kununua chupa ya manukato mazuri ikiwa uwezo anao na roho yake inaburudika. Hiyo ni starehe kama starehe nyingine, mradi ajue analipia nini. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini yule anayenunua kwa kuwa nywele zake zinatoka, naye amekopa ili anunue, asimame kwanza mbele ya kioo, avute nyuma kitambaa na kutazama kingo za kipaji chake. Kama ngozi ingali na vinywele vidogo laini, wakati ungalipo. Alegeze rasta leo.